Ukanda wa dhahabu umemaliza msimu bila Ligi Kuu, sasa tujipange

KAHAMA. Agosti mwaka jana nilinunua daftari jipya pale stendi, nikaandika ukurasa wa kwanza mambo matatu niliyotaka kuyaona kabla msimu wa 2024/25 haujaisha. Moja, Geita Gold inarudi Ligi Kuu. Mbili, Stand United inapanda nayo. Tatu, mimi mwenyewe naandika habari za timu za huku kwetu kuliko za Kariakoo.

Juzi nimelifungua tena. La kwanza limekwama. La pili limekwama pia, tena mlangoni kabisa, mguu mmoja ukiwa umeshaingia ndani. La tatu naona aibu kulisema, lakini nitalisema huko mbele maana na mimi nina deni.

Watu wengi wanafunga hesabu zao Desemba. Sisi wa mpira mwaka wetu unaisha saa hizi, ligi ikishafungwa na viwanja vikibaki na mbuzi. Ndiyo wakati wa kukaa chini na kuulizana tumevuna nini na tunapanda nini, kabla kelele za usajili hazijatuchukua akili. Na msimu huu uliokwisha una jambo ambalo sijasikia likisemwa vijiweni, sio Nyihogo, sio Majengo, sio Mhongolo. Acha nilianze.

MIAKA KUMI MFULULIZO

Hebu tuhesabu pamoja. Msimu wa 2014/15, Stand United ya Shinyanga ilipanda Ligi Kuu. Msimu uliofuata Mwadui nao wakaja, na kwa misimu minne Mkoa wa Shinyanga ukawa na timu mbili huko juu, Chama la Wana kule Kambarage na wachimba almasi kule Mwadui. Stand ikashuka mwaka 2019, Mwadui wakabaki peke yao misimu miwili. Wakashuka 2021. Mwaka huohuo, bila kupoteza hata msimu mmoja, Geita Gold wakapanda na kukaa misimu mitatu.

Jumlisha. Kuanzia 2014 hadi 2024, misimu kumi mfululizo, ukanda huu wa almasi na dhahabu ulikuwa na angalau timu moja Ligi Kuu. Mmoja akidondoka, mwingine anapokea kijiti. Sisi wa Kahama hatuna timu yetu Ligi Kuu wala Championship, kwa hiyo tumezoea kuazima za majirani. Na tuliazima kwa raha. Ukitaka kuwaona Simba au Yanga kwa macho yako, unapanda basi asubuhi, unapita Isaka na Tinde, mchana uko Shinyanga, usiku umelala kwako.

Mei 2024 Geita Gold ikashuka. Hapakuwa na wa kupokea kijiti. Msimu wa 2024/25 ndio wa kwanza katika kipindi hicho chote ambao ukanda huu umekaa bila timu hata moja Ligi Kuu. Simba wamecheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane, Yanga wametwaa ubingwa tena, na sisi yote hayo tumeyatazama kwenye kibanda umiza.

Sisemi kibanda umiza ni kibaya, nimekulia humo. Ila mtoto anayeuona mpira kwenye runinga peke yake anajua majina. Yule anayekaa jukwaani Kambarage anaona beki anavyojipanga wakati mpira uko upande wa pili. Hicho ndicho tulichopoteza.

MLANGONI

Championship ya msimu huu ilikuwa na timu 16, mechi 30. Utaratibu mnaujua. Wawili wa kwanza wanapanda moja kwa moja. Wa tatu na wa nne wanacheza wenyewe kwa wenyewe, mshindi anakwenda kukutana na timu iliyopoteza mtoano wa Ligi Kuu.

Mtibwa Sugar wakawa mabingwa, Mbeya City wa pili. Wa tatu Stand United. Wa nne Geita Gold.

Yaani baada ya safari za Mbeya, Songea, Tanga, Arusha na kwingineko, timu mbili za ukanda mmoja zilifika mlangoni pamoja na mlango ukawa unaruhusu mmoja tu. Hapa Kahama tuligawanyika kama familia kwenye mirathi. Kimkoa sisi ni Shinyanga, lakini nani hapa mjini hana ndugu kwenye maduara ya Geita? Kijiweni kwetu mzee mmoja alitufungia mjadala kwa sentensi moja: "Wanangu, hapa hata tukishinda tumefungwa."

Stand wakapita, Geita wakabaki. Stand wakaenda kukutana na Fountain Gate, waliokuwa wamepigwa na Tanzania Prisons kwenye mtoano wa Ligi Kuu. Matokeo mnayajua. Fountain Gate wanabaki, Chama la Wana wanarudi Championship.

Na hii sio mara ya kwanza kuzibiana njia. Mwaka 2019 Geita Gold walifika kwenye mtoano kama huu, aliyewazuia asipande alikuwa Mwadui. Tunachekana leo, kesho tunaliana.

Kwa hiyo msimu wa 2025/26 unatukuta hivi: Stand United wanaanza mwaka wa saba nje ya Ligi Kuu, Mwadui wa tano, Geita Gold wa pili.

PESA ILIKUJA, IKAONDOKA

Wengi wakiulizwa kwa nini, jibu ni moja: hakuna pesa. Mimi nilikuwa naamini hivyo. Nilipoanza kupitia historia ya timu hizi moja moja, nikaona jibu hilo halitoshi.

Stand ilianza na watu wa stendi ya mabasi Shinyanga, jina lenyewe linasema. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, kampuni iliyokuwa na migodi ya Buzwagi na Bulyanhulu. Migodi yote hiyo miwili iko upande wetu huku, Kahama na Msalala. Kwa lugha nyepesi, dhahabu ya Kahama ilivalishwa jezi ikacheza mpira Shinyanga. Akaletwa hadi kocha Mfaransa, Patrick Liewig. Mwaka uliofuata klabu ikapasuka vipande viwili, hawa wanataka kampuni, wale wanataka ibaki ya wanachama. Mdhamini akaondoka. Miaka mitatu baadaye timu ikashuka.

Geita nao wana yao. Mwaka 2016 walishushwa na TFF kwenye lile sakata la upangaji wa matokeo la Ligi Daraja la Kwanza. Wakajikusanya, wakaanza upya, wakiwa na halmashauri yao nyuma na mgodi wa GGML ukidhamini. Mwaka 2021 wakapanda, na msimu wao wa kwanza ukawa wa ajabu. Wakamaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam. George Mpole akafunga mabao 17, akambwaga Fiston Mayele wa Yanga aliyekuwa na 16. Mwaka ule kila mtoto mtaani kwetu akifunga bao anaitwa Mpole.

Wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika, wakatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan kwa faida ya bao la ugenini. Mpole akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Miaka miwili tangu ile nafasi ya nne, Geita Gold wakashuka daraja.

Sasa niambie, hapo palikosekana pesa? Mdhamini alikuwepo. Halmashauri ilikuwepo. Mfungaji bora wa nchi alikuwepo. Kilichokosekana ni jibu la swali dogo: akiondoka huyu, anaingia nani?

Hapa Kahama tunajua jambo hili kuliko watu wengi. Buzwagi ilifungwa mwaka 2021. Toka mjini hadi Mwendakulima uone shimo lilivyo. Lakini mgodi haukuamka asubuhi ukakuta umefungwa. Sheria inaudai mgodi uwe na mpango wa kufungwa tangu bado unachimba, nini kitafanyika na ardhi, na mitambo, na watu. Leo eneo lile limepangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Mgodi wenye mabilioni unajua siku moja utaisha na unajiandaa. Klabu inayolishwa na mgodi huohuo haina hata karatasi moja inayosema siku mdhamini akiondoka tutafanya nini.

Huo ndio ugonjwa wetu. Tunapanga msimu kwa kuangalia pesa iliyopo mezani leo. Ikiisha, na sisi tumeisha.

WALIOSHUKA NA SISI WAMESHARUDI

Mtibwa Sugar na Geita Gold walishuka pamoja, msimu mmoja, 2023/24. Mtibwa wamekaa chini mwaka mmoja tu, wamerudi na kombe mkononi.

Mtibwa ni mabingwa wa nchi wa 1999 na 2000, wana kiwanda cha sukari mgongoni, kwa hiyo usiniambie wanafanana na sisi kila kitu. Lakini wana jambo ambalo halihitaji kiwanda. Timu yao ya vijana U-20 imetwaa ubingwa wa ligi ya vijana zaidi ya mara moja. Wakishuka, wanaoondoka ni wale walionunuliwa, wale waliolelewa wanabaki. Wana pa kuanzia.

Tazama na waliowazuia Stand. Fountain Gate imetokana na shule. Wasichana wa shule hiyo walitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule mwaka 2023 kule Durban, Afrika Kusini. Unaweza kuwabeza kwa kuhamahama viwanja, lakini watoto wanao.

Na Mashujaa wa Kigoma? Walipanda mwaka 2023 kwa kupitia mtoano kama huu uliotushinda, wakaitoa Mbeya City. Msimu wa 2024/25 walikuwa bado Ligi Kuu. Mbeya City waliotolewa siku ile hawakuvunja timu. Wamekaa misimu miwili, wamerudi. Kwa hiyo kushindwa kwenye mtoano sio msiba. Msiba ni kurudi nyumbani na kufanya yaleyale.

DAFTARI LA MSIMU MPYA

Nimefungua ukurasa mpya. Safari hii siandiki ndoto, naandika kazi.

Kazi ya kwanza, hesabu mezani. Mchimbaji mdogo hajasoma uhasibu, lakini duara likitoa mawe, mifuko inahesabiwa mbele ya wote. Mwenye eneo huu wake, mwenye duara huu wake, aliyeleta chakula na matimba huu wake, wachimbaji hii yao. Ukificha mfuko mmoja, ugomvi wake hauishi. Kwa nini shabiki anayelipa kiingilio mwaka mzima asijue mlangoni zimeingia shilingi ngapi na zimekwenda wapi? Stand walipasuka mwaka 2016 kwa swali la klabu ni ya nani. Jibu linaanza na daftari la wanachama na hesabu zinazosomwa hadharani walau mara moja kwa mwaka. Hata leseni za klabu za CAF zinadai hesabu, pamoja na uwanja, uongozi, masuala ya sheria na timu za vijana. Na kuna faida nyingine: mdhamini wa pili na wa tatu hawezi kuja kwenye nyumba isiyojua ina sahani ngapi.

Wadhamini wenyewe sio lazima wawe mgodi. Kahama sio dhahabu tu. Mchele wa hapa unaliwa hadi nje ya nchi, mashine za kukoboa mpunga zimejaa, maghala yamejaa, malori ya Kongo na Rwanda yanapita usiku na mchana. Wafanyabiashara kumi wadogo wakichangia kwa mkataba ni bora kuliko mkubwa mmoja, maana kumi hawaondoki siku moja.

Kazi ya pili, watoto. Ndondo zimeanza, kiangazi hiki kila wikiendi kuna mbuzi au ng'ombe anashindaniwa mahali. Vipaji viko hapo, na viko UMISSETA. Lakini mashindano yakiisha, mtoto aliyefunga mabao anarudi karashani kubeba mawe na hakuna aliyeandika hata jina lake. Naomba klabu zote tatu, Stand, Geita na Mwadui, zitume watu wawili tu, wenye kalamu, wazunguke kata za Kahama, Msalala na Ushetu mwezi huu na ujao. Haihitaji basi la kifahari. Inahitaji nauli na macho.

Tena mfano mzuri upo. Agosti 2, 2025 CHAN ilianza hapa kwetu, Kenya na Uganda, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao. Kijana wa Kahama akiuliza njia ya kwenda Taifa Stars ni ipi, mwoneshe hiyo. Inapita kwenye ligi zetu hizihizi.

Kazi ya tatu, viwanja, na hapa nataka tusikilizane vizuri. Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye mgodi anatakiwa kuandaa mpango wa kila mwaka wa kurudisha kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kuna na ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo, unaoingia halmashauri. Pesa hizo zinajenga madarasa na zahanati, na hakuna mwenye akili atakayesema mpira utangulie zahanati. Ila viwanja vya kata, nyasi za kawaida, uzio na choo, vinaweza kuingia kwenye mpango kama kuna aliyeviomba.

Tatizo letu tunaomba kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha wa serikali umeanza Julai 1, bajeti yake imeshapita. Ya mwaka 2026/27 inaanza kupikwa baadaye mwaka huu, mapendekezo yakitokea kwenye mitaa na kata, na mapema mwaka kesho inafungwa. Tukienda kwenye mkutano wa mtaa Oktoba na Novemba, tumewahi. Tukikaa kijiweni kubishana nani ni bora kati ya Ahoua na Aziz Ki, tukaja kushtuka Machi, basi tunasubiri hadi Julai 2027. Mtoto mwenye miaka 13 leo atakuwa na 15. Beki hafundishwi kujipanga akiwa na miaka 20.

NA MIMI NINA DENI

Nilisema nitalirudia la tatu. Nimepitia nilichokiandika msimu mzima. Habari za Simba na Yanga zimenishinda kuzihesabu, nyingi za usajili, nyingine hazikutimia. Kambarage nimekwenda mara mbili tu. Geita sijakwenda hata mara moja, na njia ya Kakola naijua vizuri, siwezi kusingizia umbali.

Nilikuwa najitetea kwamba wasomaji ndicho wanachotaka. Labda. Lakini msomaji hawezi kutaka asichokijua. Timu ikicheza mechi 30 na hakuna anayeziandika, mdhamini atajuaje kama ipo? Mchezaji atajulikanaje? Na viongozi watamwogopa nani, kama hesabu zao hakuna anayeziuliza?

Kwa hiyo ukurasa wangu wa 2025/26 una kazi tatu, nimeziweka hapa ili mnidai. Kila raundi ya Championship nitaandika habari moja ya Stand au Geita, hata wakifungwa. Kila mwezi nitakwenda kwenye ndondo moja na kuandika majina ya watoto watatu nitakaowaona. Na Novemba nitakuwa kwenye mkutano wa mtaa wangu, mkono juu, naomba uwanja.

Na wewe unayesoma hapo kwenye bajaji ukisubiri abiria, andika wako. Sio lazima uwe mkubwa. Andika kwamba utalipa kiingilio mechi tatu za timu ya nyumbani msimu ujao. Andika kwamba utamnunulia njumu mtoto mmoja wa jirani. Kula jezi zote za Simba na Yanga unazotaka, mimi sikukatazi, na mimi ninayo yangu sitasema ya rangi gani. Ila shati la pili liwe la hapa kwetu.

Geita watu wanajua neno magwangala, yale mawe ambayo mgodi umeyaona hayafai ukayamwaga nje. Wananchi waliyafuata, wakayaponda, wakakuta bado yana dhahabu ndani. Timu zetu tatu leo ni hayo magwangala. Ligi Kuu imeyamwaga nje. Nikikaa na daftari langu naona dhahabu bado imo, lakini haitatoka kwa kuyaangalia. Lazima mtu ashike nyundo, na msimu mpya hauko mbali.